Shajara ya Mradi: Jicho la Angani Juu ya Delta ya Rufiji

Februari: kuweka msingi

Kazi imeanza. Tunakusudia kuandika kwa Kiswahili historia ya marubani wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza walioruka kutoka visiwa vya Nyororo na Mafia mwaka 1914 na 1915, na kila safari yao ya angani kuiweka juu ya ramani ya delta ya Rufiji. Tuko wawili. Mimi nakusanya kumbukumbu na kuandika, mwenzangu ndiye fundi wa programu ya ramani.

Kisa cha manowari ya Kijerumani Königsberg wengi wanakijua, na mzinga wake mmoja upo hadi leo Fort Jesus, Mombasa. Lakini kila ninapokisoma nakikuta kimeandikwa kama kisa cha mizinga, nami naamini ni kisa cha macho. Meli ile ilikaa ndani ya mikoko tangu Septemba 1914 hadi Julai 1915. Huko nje zilizunguka manowari zenye nguvu kuliko yake, na hazikuweza kuifanya lolote kwa kuwa hakuna mpiga mzinga aliyeiona. Kilichovunja ukimya huo ni watu wachache waliopanda juu katika ndege za mbao na kitambaa. Vitabu vingi huwapa watu hao aya mbili tatu. Sisi tunawapa mradi mzima.

Tumekubaliana jedwali la msingi liwe na tarehe, aina ya ndege, rubani, mwangalizi, kazi aliyotumwa, msimu wa upepo, na kilichoonekana. Safu ya msimu wa upepo nimeiongeza mimi, na sababu yake itajitokeza mbele.

Machi: kabla ya ndege

Tabaka la kwanza la ramani limekamilika. Linaanzia Unguja, alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, pale Königsberg chini ya Kapteni Max Looff ilipoikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga bandarini ikitengeneza mitambo. Pegasus ilipigwa ikazama, na zaidi ya watu 30 wakafa. Königsberg nayo ilikuwa na matatizo ya injini, ikarudi kusini kujificha Rufiji.

Fununu ya mahali ilipo haikutoka angani. Ilitoka Lindi. Mwezi Oktoba mabaharia wa manowari Chatham walipekua meli ya Kijerumani Präsident wakapata karatasi zinazoonyesha kwamba makaa ya mawe yamepelekwa Salale, ndani ya delta. Tarehe 30 Oktoba Chatham ikafika mbele ya Rufiji, na milingoti ikaonekana kwa mbali juu ya miti. Haikuweza kusogea zaidi, maana maji yalikuwa machache kwa meli ya ukubwa ule. Tarehe 10 Novemba Waingereza waliizamisha meli ya mizigo Newbridge katika mkondo wa Suninga ili kuziba njia. Kwenye ramani tumeichora kwa rangi nyekundu, halafu pembeni yake tukachora mikondo mingine ya kutokea baharini ambayo haikuzibwa: Simba Uranga, Kikunja, Msala. Mtu akiitazama ramani anaelewa papo hapo kwa nini meli moja iliyozamishwa haikumaliza neno.

Machi, mwishoni: Cutler

Hapa ndipo mradi wenyewe unapoanza, na kwa safari chache za mtu mmoja tumetumia muda mrefu kuliko tulivyopanga.

Dennis Cutler hakuwa askari. Alikuwa rubani wa kiraia aliyekuwa Durban, Afrika Kusini, akirusha ndege ya Curtiss inayotua majini kama mashua. Jeshi la Wanamaji likamchukua yeye na ndege hiyo, likampa cheo, na katikati ya Novemba 1914 akashushwa Nyororo kutoka meli ya Kinfauns Castle. Nyororo ni kisiwa kidogo upande wa kaskazini magharibi wa Mafia, wavuvi wetu wanakijua vizuri. Ndicho kilikuwa kituo chake, mchanga na minazi.

Tarehe 19 Novemba akaruka kuelekea delta. Mvua ilikuwa ikinyesha na mawingu yako chini. Akapotea, mafuta yakamwishia, akashuka kwenye kisiwa kingine, ikabidi akatafutwe. Rejeta ya ndege ilikuwa imeharibika. Vipuri vya ndege havikuwepo pwani yote ya Afrika Mashariki, kwa hiyo manowari Fox ikaenda Mombasa kuleta rejeta ya gari la Ford, na ikafungwa kwenye ndege ile. Jambo hili naliandika kwa kirefu makusudi. Fundi yeyote wa Kariakoo au wa Mombasa anaijua kazi ya kukifanya kipuri cha chombo kimoja kifae chombo kingine, na ndivyo upelelezi wa angani wa Rufiji ulivyosimama.

Tarehe 22 Novemba Cutler akaiona. Königsberg ilikuwa ndani zaidi kuliko mahali ilipokuwa imeonekana awali. Ndege ikaumia bodi wakati wa kutua, bodi nyingine ikaletwa kutoka Durban. Safari zilizofuata alibeba mwangalizi, akiwemo kapteni wa Kinfauns Castle mwenyewe, maana neno la rubani peke yake halikuwatosha wakubwa. Tarehe 10 Desemba akaruka peke yake, injini ikafa, akashuka mtoni na kukamatwa. Boti yenye silaha iliingia chini ya risasi ikaivuta ndege kuitoa nje, lakini Cutler alikuwa ameshachukuliwa mateka.

Hakuna picha ya Cutler tunayoweza kuiweka katika tabaka hili. Yeye aliona kwa macho na kueleza kwa mdomo. Ndiyo maana kwenye ramani alama yake ni duara pana, wala si nukta.

Aprili: safu ya pepo

Mwenzangu aliniuliza kwa nini nang'ang'ania safu ya msimu. Nilimpeleka Kilindoni, Mafia, kwa nahodha mmoja mzee aliyeendesha majahazi ya boriti tangu ujana wake. Nikamwamkia, nikamwomba tu atuambie mwaka wa Rufiji unavyokwenda.

"Mwanangu," akasema, "ukiniambia mwezi wa kumi na moja nakwambia vuli, mvua inakuja ghafla na upepo haujatulia. Mwezi wa nne ni masika, huoni ng'ambo. Mwezi wa saba ni kusi, linavuma toka asubuhi, na bahari ya hapa katikati inachafuka."

"Na ukitaka siku ya kuona mbali, Mzee?"

"Asubuhi mapema. Jua likipanda, joto linapanda, na mawingu yanapanda nalo."

Basi tukayaweka maneno yake juu ya tarehe zetu. Cutler alipotea ndani ya mvua za vuli. Safari ya kupiga picha iliyo muhimu kuliko zote, ya tarehe 25 Aprili 1915, ilifanyika katikati ya masika. Mashambulizi mawili ya Julai yalipigwa wakati wa kusi. Karibu kila siku kubwa ya kikosi hiki iliangukia msimu ambao nahodha wa jahazi angeusogelea kwa tahadhari. Wazungu walioandika taarifa zao walilalamikia joto, mawingu na upepo kana kwamba ni bahati mbaya tu. Ukiyasoma kwa kalenda ya pwani, yanakaa sawasawa.

Mei: gundi, joto, na picha

Baada ya Cutler kukamatwa, Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, na mwezi uliofuata zikafika Nyororo ndege mbili za Sopwith zenye maboya ya kutulia majini. Marubani walikuwa John Tulloch Cull na mwenzake Watkins, pamoja na mafundi wachache. Zilikuwa ndege mpya kabisa, na zilishindwa na hali ya hewa. Gundi iliyoshika mbao ililegea kwa joto na unyevu, rafadha zikafunguka tabaka kwa tabaka, maboya yakavuja. Hewa ya joto ni nyepesi, bawa halipati cha kuegemea, na injini nayo inapoteza nguvu. Ili iinuke kutoka majini, Sopwith ililazimika kuachwa bila mwangalizi, bila mabomu, na kwa mafuta machache. Ndege ya upelelezi isiyoweza kumbeba mwangalizi imekosa nusu ya kazi yake.

Mwishoni mwa Aprili zikaja ndege tatu za Short, za mtindo wa kukunja mabawa. Zilikuwa zimetumika sana, lakini ziliinuka zikiwa na watu wawili. Tarehe 25 Aprili Cull akaingia juu ya delta, akaipita Königsberg, na picha zikapigwa.

Nataka msomaji aelewe maana ya tendo hilo. Kamera ya wakati ule ilitumia vioo vya picha, na kila kioo ni pigo moja. Mwangalizi amekaa kwenye upepo wa rafadha, ndege inatikisika, na haiwezi kupanda juu ya futi elfu moja na kitu. Kwa kimo hicho bunduki ya kawaida inaifikia, na Wajerumani walikuwa na askari kwenye kingo pamoja na mizinga ya meli yenyewe. Injini ya Short ilipigwa siku ile ile. Hata hivyo vioo vilirudi salama.

Picha zilionyesha kwamba meli ile, iliyodhaniwa imeozea matopeni, ilikuwa safi, maturubai yametandazwa, na ina watu. Zilitoa mahali pake kwa kufuata mto, yaani kona ipi, ukingo upi, imeelekea wapi. Ule uvumi wa kwamba imeng'olewa mizinga au imeachwa ukakoma. Duara pana la Cutler limekuwa nukta: takriban nyuzi 7 na dakika 52 kusini, nyuzi 39 na dakika 14 mashariki. Tumeibandika kwenye ramani.

Kazi ya ziada imejitokeza. Nukta ile ukiiweka juu ya picha za setilaiti za leo, mto haukubaliani na ramani za 1915. Rufiji imehama. Tangu miaka ya 1970 maji mengi yalielekea mikondo ya kaskazini, na ya kusini ikapungukiwa. Mikoko, ambayo kwa hesabu inayotumika sana ni kama hekta 53,000, imesonga mbele hapa na kurudi nyuma pale. Tumeamua kuchora mto mara mbili, wa zamani kwa mstari wa kijivu na wa leo kwa bluu, na majina yote ya mikondo tuyaandike kama watu wa Kibiti wanavyoyatamka sasa.

Juni: kisichoonekana na kamera

Nimeongeza tabaka ambalo halikuwa kwenye mpango. Picha ya angani ya mikoko inaonyesha vilele vya miti na rangi ya maji. Haionyeshi kina. Mpango wa Waingereza ulikuwa kuleta meli mbili zenye tumbo bapa, Severn na Mersey, zilizotengenezwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazil, zisizohitaji hata mita mbili za maji. Lakini zipite wapi?

Jibu lilitoka chini. Admirali King-Hall alimwajiri mwindaji wa Afrika Kusini, Pieter Pretorius, aliyeijua Rufiji, naye akaingia kwa siri akapima vina na kuangalia kupwa na kujaa. Hakufanya peke yake. Alikwenda na Waafrika, kwa mitumbwi, na njia alizozipima ni zile zile ambazo wakata boriti na wavuvi walikuwa wakizipita vizazi na vizazi. Jina la Pretorius limeandikwa, na King-Hall limeandikwa. Majina ya waliopiga kasia hayamo katika taarifa. Kwenye jedwali letu, katika safu ya "aliyeona", nimewaandikia mstari wao wenyewe. Nukta ya Cull bila kina chao isingefaa kitu.

Kumbukumbu ya upande wa pili pia imeingia: Wajerumani walifunga matawi kwenye meli ili ifanane na miti, wakaweka walinzi wao na askari kwenye midomo ya mto, wenye simu za kupeleka habari. Kwa hiyo kulikuwa na macho mawili yanayoshindana, moja angani na moja juu ya mti.

Juni, mwishoni: uwanja wa Mafia

Ndege za majini zilikuwa zimefika mwisho wa uwezo wao. Zikaletwa ndege nne za magurudumu, Caudron mbili na Henri Farman mbili, na kamanda wa kikosi akawa Gordon. Uwanja ukasafishwa Mafia. Kutoka eneo la Kilindoni hadi ilipokuwa meli tumepima kilomita 45 hivi, sehemu kubwa juu ya bahari, kwa ndege isiyo na boya. Injini ikizima katikati, kilichobaki ni kuogelea. Majaribio yalivunja baadhi ya ndege hata kabla ya vita.

Kitu kipya kilichokuja nazo ni simu ya upepo, yaani telegrafu isiyotumia waya. Mwangalizi sasa angeweza kugonga alama kutoka angani, na meli ikazisikia wakati huo huo. Kikosi kilianza kwa kuuliza "iko wapi?", kikaja "ina hali gani?", na sasa swali lilikuwa "kombora limeanguka wapi?"

Julai: tarehe 6 na tarehe 11

Jumanne, 6 Julai 1915. Severn na Mersey ziliingia mtoni alfajiri. Cull alirusha, Flight Sub-Lieutenant Harwood Arnold akawa mwangalizi wake, na wenzao wakawapokea zamu. Meli zile zilifyatua zaidi ya makombora 600 kwa siku nzima, na yaliyopata yalikuwa machache mno. Mersey ilipigwa vibaya ikapoteza watu. Tatizo kubwa lilikuwa la macho: meli mbili zilifyatua kwa pamoja, na mwangalizi akiona maji yanaruka hawezi kujua ni kombora la nani. Alama aliyogonga kwa ajili ya Severn iliweza kumpotosha Mersey. Nao Wajerumani walikuwa na mtazamaji wao karibu na mto aliyekuwa akielekeza mizinga yao vizuri, hadi kituo chake kilipogunduliwa na kuondolewa.

Jumapili, 11 Julai. Safari hii ilikubaliwa meli moja ifyatue kwa wakati mmoja. Nimehesabu mwezi: mwezi mpya ulikuwa tarehe 12, kwa hiyo siku ya 11 ilikuwa karibu na bamvua, yaani maji makubwa, ilhali tarehe 6 maji yalikuwa karibu na mafu, yaani maji madogo. Kwa kalenda ya Kiislamu ilikuwa mwisho wa Shaabani 1333. Watu wa vijiji vya delta walikuwa wakiingoja Ramadhani huku mizinga ikinguruma.

Cull na Arnold walikuwa juu tena. Severn ikatia nanga ikaanza kufyatua. Arnold akagonga marekebisho, pigo baada ya pigo, mbele, nyuma, kushoto, mpaka akagonga alama ya "limepata". Königsberg ikaielekezea ndege mizinga yake, na injini ikavunjika. Cull akaanza kushuka kwa kuteleza hewani, bila nguvu yoyote, kuelekea zilipo meli zao. Arnold hakuacha kugonga. Alituma ujumbe kwamba wamepigwa, waletewe boti, na papo hapo akaendelea na kazi: makombora yanaangukia upande wa mbele wa meli, yasogezwe nyuma. Yakasogezwa. Ndege ikatua majini karibu na Mersey ikapinduka. Arnold alirushwa nje. Cull alibaki amenaswa na mkanda chini ya maji kabla ya kujinasua.

Ndani ya muda mfupi Königsberg ilikuwa inawaka. Looff, akiwa amejeruhiwa vibaya, aliamuru ilipuliwe kwa kichwa cha torpedo. Cull na Arnold wote wawili walipewa DSO, nishani ya kijeshi ya Uingereza.

Nimelisoma tukio la kuteleza mara nyingi, na kila mara nasimama pale pale: mtu anaanguka kutoka angani, na bado anamweleza mwenzake kombora lilipoangukia. Kwenye ramani tumelichora kwa mstari wa nukta nukta, kila alama ya simu ikiwa nukta yake. Ni sehemu ya mradi ninayojivunia kuliko nyingine.

Agosti: kikosi kinasambaa

Tabaka la mwisho linatoka nje ya delta, na ninalipitisha haraka. Cull na sehemu ya kikosi walihamishiwa Maktau, karibu na Voi, wakapeleleza nchi kavu kwa ajili ya jeshi lililokuwa likijiandaa kuvuka kutoka Kenya. Mizinga yote 10 ya Königsberg ilitolewa mtoni, ikatengenezwa katika karakana ya reli Dar es Salaam, ikatumika nchi kavu hadi Jeshi la Wajerumani liliposukumwa kusini.

Mzinga mmoja ulipelekwa Kigoma ukafungwa kwenye meli Graf von Götzen, ambayo ndiyo Liemba ya leo. Na huko nako ndege ziliufuata. Uingereza iliwaazima Wabelgiji ndege nne za Short za kutulia majini, zikasafirishwa kupitia Kongo, zikawekwa upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika karibu na Kalemie. Juni 1916 zilianza kuishambulia Kigoma. Mwenzangu amechora mstari kutoka Salale hadi Kigoma kuonyesha safari ya mzinga, na mwingine kutoka Kalemie kuonyesha safari za ndege. Mistari hiyo inakutana bandarini.

Septemba: Januari 1917

Delta haikuachwa na ndege baada ya 1915, na tabaka hili tumelimaliza juma hili. Tarehe 6 Januari 1917 rubani Edwin Moon, mtu wa Southampton, aliruka kupeleleza Rufiji, mwangalizi wake akiwa Kamanda Bridgeman. Injini ikaharibika wakashuka katika mkono mmoja wa mto, wakaiharibu ndege isichukuliwe. Kingo zilikuwa zimesongamana mikoko hata hawakuweza kutembea, wakawa wanaogelea mkondo baada ya mkondo bila chakula. Walitengeneza chelezo cha miti mitatu na fremu za madirisha. Kupwa kukawachukua hadi baharini asubuhi ya tarehe 9, na huko Bridgeman akafa kwa kuchoka. Moon alifika pwani jioni akakamatwa, akaachiwa Novemba 1917.

Kwenye ramani njia yao tumeipitisha sambamba na njia za mitumbwi za Pretorius na wenzake. Kazi iliyobaki ni mbili. Ya kwanza ni kwenda tena Kibiti na ramani iliyochapwa, wazee wa Salale na Kiomboni wasahihishe majina ya mikondo kabla hatujaifunga. Ya pili ni kufungua jedwali la kituo cha ndege za majini cha Chukwani, Unguja.